Kutoa Utando wa Zambarau Kwenye Vijidudu vya Chumvi: Mwongozo Kamili kwa Maabara Ndogo

Hapa Nakuru, anayetaka kuanza kazi hii kwa kawaida hunijia na chupa ya maji ya ziwa mkononi. Amesikia kwamba kuna vijidudu vipendavyo chumvi, na kwamba ndani yake mna protini inayonasa mwanga. Ziwa la chumvi liko pale chini ya mji, na heroe wamelisimamia. Kwa nini asichote tu?

Namwomba aiweke chupa kando kwanza. Ziwa Nakuru na jirani yake Elmenteita ni maziwa ya magadi: maji yake ni makali kama ya sabuni, pH inafika 10, na chumvi yake ni kidogo mno kwa kijidudu tunachokitaka. Tena maji ya Nakuru yamepanda sana tangu miaka ya 2010, hata lango la zamani la hifadhi likamezwa, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyozidi kuzimuka. Kijidudu chetu, Halobacterium salinarum, kinataka pH ya karibu 7 na chumvi ya kula gramu 250 katika kila lita, yaani mara saba hivi ya chumvi ya bahari. Ukikitia kwenye maji ya ziwa kitapasuka na kufa.

Kupasuka huko ndiko msingi wa kazi nzima. Ukilielewa jambo hilo moja, hatua nyingine zote utazikumbuka bila kusoma karatasi.

Kwa nini kazi hii inawezekana bila mitambo ya kifahari

Protini nyingi za utando ni taabu tupu kuzitoa. Unazimumunyisha kwa detajenti, unazipitisha kwenye safuwima za kutenganisha protini, moja baada ya nyingine, na mwisho unabaki na mikrogramu chache. Bakteriorodopsini, ile protini yetu inayonasa mwanga, si hivyo. Kijidudu kinapokosa hewa huipanga protini hii kwenye mabaka maalumu ya utando wake, protini tatu tatu kwa mpangilio wa pembe sita, zimebanana kama vigae. Kwa uzito, baka hilo ni robo tatu protini na robo moja mafuta, na hakuna protini nyingine ndani yake. Yaani kijidudu chenyewe kimeshakusafishia.

Kazi iliyobaki ni kuyatenga mabaka na takataka nyingine za seli. Ukuta wa Halobacterium unashikiliwa na chumvi. Ukiiondoa, ukuta unalegea, seli inapasuka, na utando wa kawaida unavunjika vipande vidogo vidogo. Baka la zambarau halijali. Linabaki zima ndani ya maji matupu, kipande bapa chenye upana wa karibu nusu mikromita au zaidi, na kwa kuwa ni kikubwa na kizito kuliko vipande vingine, linatangulia kutua. Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius waliitambua protini ya utando huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na njia waliyoitumia ndiyo hii ninayokufundisha, pamoja na marekebisho ambayo mazingira yetu yamenilazimisha kuyafanya.

Rangi inatoka kwa retinali, ndugu wa vitamini A, iliyofungwa kwenye lisini ya 216 kati ya asidi amino 248. Rangi hiyo itakuwa kipimo chako kila hatua. Katika kazi nyingine za protini unasubiri hadi mwisho ujue kama umefaulu. Hapa jicho linakwambia saa ile ile.

Mbegu

Agiza aina ya R1 au S9 kutoka benki ya vijidudu, kama ile ya DSMZ iliyoko Ujerumani, au mwombe mtafiti anayeifuga. S9 ndiyo bora: imechaguliwa kwa kuwa hutoa zambarau nyingi. Epuka aina zenye vifuko vya hewa ndani ya seli, kama NRC-1, ikiwa una chaguo. Seli zake zinaelea, na wakati wewe unataka zitue, zenyewe zinapanda juu. Kijidudu hiki hakijulikani kumdhuru mtu, kwa hiyo benchi ya kawaida inatosha. Shughulikia mapema kibali cha kukiingiza nchini. Karatasi huchukua muda mrefu kuliko ndege.

Mchuzi wa kukuzia

Kwa lita moja: chumvi ya kula safi gramu 250, magnesi salfeti yenye maji gramu 20, potasi kloridi gramu 2, sodi sitreti gramu 3, na peptoni (protini iliyokatwakatwa, chakula cha vijidudu) gramu 10. Yeyusha chumvi zote kwanza kwenye maji yaliyotoneshwa, tia peptoni, rekebisha pH iwe 7.2, kisha ongeza maji hadi lita moja. Ukikosea ukaanza na lita nzima ya maji, chumvi itakipandisha kiasi na vipimo vyako vyote vitapungua nguvu.

Chumvi ya dukani ina iodini na dawa ya kuzuia isigande. Dawa hiyo ndiyo inayoacha ukungu mweupe chini ya chupa. Tumia chumvi ya maabara ikiwezekana. Ukilazimika kutumia ya viwandani, tafuta isiyotiwa kitu, iyeyushe peke yake, iache itulie usiku kucha, kisha ichuje kwa karatasi ya chujio.

Peptoni nayo inastahili neno refu, maana ilinipotezea mwezi mzima. Nilikuwa nimeandaa lita tatu kwa peptoni iliyokuwa kabatini, nikapanda mbegu nzuri, na baada ya siku nne mchuzi ukawa mweupe kama maji ya wali. Nilidhani mbegu imekufa njiani. Nikaagiza nyingine, ikafa pia. Kumbe baadhi ya peptoni zina mabaki ya asidi za nyongo, na nyongo huyeyusha utando wa Halobacterium jinsi sabuni inavyoyeyusha mafuta. Peptoni ya bakteriolojia ya Oxoid ndiyo inayotumika tangu zamani kwa sababu hiyo. Peptoni yoyote nyingine ijaribu kwenye mililita 20 kabla ya kuimwaga kwenye lita.

Kuhusu kuchemsha: Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94, na otoklevu ndogo (chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu) inayoongozwa na kipimo cha mgandamizo haifiki 121 hata kama mshale umesimama pale unapotakiwa. Inaishia karibu 118. Ongeza muda, dakika 30 badala ya 15. Aliye Kisumu ana nafuu kidogo, lakini naye yuko juu ya mita 1,100. Hata hivyo usiwe na hofu nyingi: ni vijidudu vichache mno vinavyoweza kuota kwenye chumvi ya kiasi hiki, na chumvi yenyewe ni mlinzi mzuri.

Kukuza: kwanza hewa, kisha kiu ya hewa

Anza na mililita 50 kwenye chupa ya koni ya 250, nyuzi 39 au 40, kwenye mashine ya kutikisa, mizunguko 150 kwa dakika. Usiku wa Nakuru ni wa baridi, kwa hiyo inkubeta ni lazima. Kuacha chupa mezani ni kupoteza wiki. Baada ya siku nne au tano mchuzi utakuwa na rangi ya waridi. Umwage kwenye mchuzi mpya, mililita 30 hadi 50 kwa kila lita.

Siku mbili tatu za kwanza tikisa sana, seli ziongezeke. Kisha punguza mwendo hadi mizunguko 80 au 100, na uwashe taa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaona mtikisiko mkali unaleta seli nyingi wakaendelea nao hadi mwisho. Kijidudu chenye hewa ya kutosha hakina haja ya mwanga. Kinapumua, kinashiba, na zambarau hakitengenezi. Hewa ikipungua ndipo kinapogeukia jua: bakteriorodopsini inatumia mwanga kusukuma protoni nje ya seli, na protoni zikirudi ndani zinazungusha kinu cha ATP, nishati ya seli.

Nililiona hili kwa macho siku stima ilipopotea usiku kucha. Mashine ilisimama, inkubeta ikapoa, na asubuhi nilikuwa tayari kumwaga kila kitu. Niliwasha tena nikaacha. Siku mbili baadaye chupa zile zilikuwa na zambarau iliyokolea kuliko zote nilizowahi kuzikuza. Tangu hapo sisubiri stima ipotee; napunguza hewa mwenyewe.

Taa iwe ya LED nyeupe, kwa kuwa balbu ya zamani itapika mchuzi. Weka alama ya kalamu kwenye kimo cha mchuzi siku ya kwanza. Hewa yetu ni kavu, na kwa nyuzi 40 maji yanapungua kila siku. Ukiona fuwele za chumvi zinajenga pete shingoni mwa chupa, ongeza maji safi yaliyochemshwa hadi kwenye alama. Usiongeze mchuzi.

Kwa jumla ni siku sita au saba. Rangi inatoka waridi, inapita rangi ya matofali, hadi zambarau yenye wekundu, kama juisi ya zambarau iliyochanganywa na tui. Wekundu huo ni bakterioruberini, rangi ya kundi la karoti, na ndiyo tutakayoipiga vita hadi mwisho.

Kuvuna

Sentrifuji, 8,000 g (yaani mara 8,000 ya mvutano wa dunia, si gramu) kwa dakika 20, nyuzi 4. Mchuzi huu ni mzito kuliko maji ya kawaida kwa karibu asilimia 16, kwa hiyo seli zinatua polepole kuliko ulivyozoea kwa E. coli. Ukiona maji ya juu bado yana ukungu, zungusha tena. Osha mashapo mara moja kwa mchuzi usio na peptoni. Usioshe kwa maji! Nimeona mtu akifanya hivyo kwa mazoea, na chupa nzima ikageuka gundi kabla hajashika kifuniko.

Ukitaka kupumzika, pumzika hapa. Mashapo yanakaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa majuma bila kuharibika.

Na kabla hujatoka chumbani, suuza rota kwa maji yaliyotoneshwa, ndani na nje, uikaushe kwa kuifudikiza. Chumvi hii inakula alumini. Rota yenye vidoa vya kutu inaweza kupasuka ikiwa kwenye kasi, na bei yake ni mshahara wa miezi mingi.

Kupasua seli

Koroga mashapo ya lita moja ndani ya mililita 25 za mchuzi usio na peptoni mpaka kusiwe na donge. Tia nusu miligramu ya kimeng'enya cha DNase. Mimina mchanganyiko kwenye kifuko cha dayalisisi cha kilodaltoni 12 hadi 14, ambacho hupitisha maji na chumvi lakini huzuia vitu vikubwa, ukijaze nusu tu. Ndani mna chumvi nyingi, nje hamna. Maji yataingia kwa nguvu, na kifuko kilichojazwa pomoni kitapasuka usiku wewe umelala. Kitumbukize kwenye lita mbili za maji yenye chumvi ya moli 0.1 kwa lita, kwenye friji, sumaku ikikoroga taratibu, hadi asubuhi.

Usipokuwa na kifuko, mimina seli polepole kwenye maji yaliyotoneshwa ya mara kumi ya kiasi chake huku ukikoroga. Inafaa, ila utakuwa na maji mengi ya kuzungusha.

Mchanganyiko utakuwa unavutika kama mrenda. Hiyo ni DNA ya seli iliyomwagika, na ndiyo kazi ya DNase kuikata. Asubuhi ukichota kwa pipeti na bado unaning'inia kama uzi, tia DNase kidogo zaidi na uuache mezani saa moja kwenye joto la kawaida. Kimeng'enya hiki kinahitaji magnesi. Kama umeshaitoa yote kwa dayalisisi, ongeza kidogo, milimoli 5 zinatosha. Usiendelee mbele na mrenda. Utando utanaswa ndani yake na hutautoa.

Kuzungusha na kuosha

Hapa ndipo uvumilivu unapolipa. Zungusha kwanza kwa 5,000 g dakika 10, uondoe seli zisizopasuka. Chukua maji ya juu, uyazungushe kwa 40,000 hadi 50,000 g kwa dakika 40, nyuzi 4. Utaona kitu cha kupendeza: maji ya juu ni mekundu kama chai ya rangi, na chini pamelala tabaka la zambarau. Maji yale mekundu yana utando wa kawaida uliovunjika pamoja na bakterioruberini yake. Yamwage.

Tazama mashapo vizuri kabla ya kuyakoroga. Mara nyingi yako mawili: chini kabisa kitone kigumu, cheupe au cha kahawia, na juu yake tabaka laini la zambarau. Tia maji kidogo, zungusha bomba kwa mkono taratibu, laini litainuka na kigumu kitabaki. Mimina laini, acha kigumu. Sekunde hizo 30 zinakuokolea raundi nzima ya kuosha.

Rudia kwa chumvi ya moli 0.1 mara mbili, kisha kwa maji matupu, mara tatu, nne, tano, mpaka maji ya juu yawe hayana rangi. Usihesabu mara, angalia rangi. Kadiri chumvi inavyopungua ndivyo utando unavyoelea vizuri zaidi na kukataa kutua, kwa sababu mabaka yana chaji hasi na yanasukumana. Ukiona maji ya juu ni ya zambarau, na si mekundu, unakaribia kumwaga mali yako. Rudisha chumvi kidogo, yatashikana na kutua.

Je, sentrifuji yako inaishia 15,000 au 20,000 g? Usikate tamaa. Tumia chumvi ya moli 0.1 kila mara badala ya maji matupu, na uzungushe saa mbili au zaidi. Utapoteza vipande vidogo, utabaki na vikubwa, na kwa kazi nyingi vikubwa ndivyo vinavyotakiwa.

Ngazi ya sukari

Kwa maonyesho ya darasani na vipimo vingi vya mwanga, umeshamaliza. Kwa kazi ya kuchapisha, pitisha kwenye sukari. Andaa sukrosi ya asilimia 50, 40 na 30 kwa uzito, uzipange kwenye bomba nzito ikiwa chini, weka sampuli juu, na zungusha 100,000 g usiku mzima, saa 15 hadi 17. Utando wa zambarau unatulia pale uzito wake unapolingana na sukari, gramu 1.18 kwa mililita, yaani karibu na asilimia 40. Mkanda mwekundu ukionekana, utakuwa juu yake. Chukua zambarau kwa pipeti, izimue kwa maji mara tano, zungusha tena, na rudia ili sukari itoke.

Sukari ya kupikia kutoka viwanda vyetu vya Magharibi ina rangi ya kahawia inayofyonza mwanga kwenye nanomita 280, na itakuharibia kipimo. Tumia ya maabara. Mashine ya kufikia 100,000 g haipo kila mahali. Mabomba yako yaandae, uyapime hadi yalingane kwa sehemu ya kumi ya gramu, kisha uombe nafasi ya usiku mmoja kwenye chuo chenye mashine hiyo. Utando huu unasafiri vizuri kwenye kikasha cha barafu.

Kupima

Weka sampuli mezani chini ya taa dakika kumi, kisha upime kwenye spektrofotomita kutoka nanomita 250 hadi 700. Kilele kiwe kwenye 568. Gawanya ufyonzaji wa 280 kwa ule wa 568: ukipata 2 au chini kidogo, ni safi. Ukipata 2.5 au 3, bado kuna protini ngeni. Ukiona vilima vidogo kati ya 470 na 540, hiyo ni bakterioruberini. Rudi kwenye kuosha.

Kiasi kinahesabiwa kwa kigezo cha 63,000 kwa moli kwa sentimita. Tuseme umezimua mara 20 na kusoma 0.63 kwenye 568. Hiyo ni mikromoli 10, mara 20 ni mikromoli 200. Protini ina uzito wa karibu daltoni 27,000, kwa hiyo una miligramu 5.4 katika kila mililita. Utando hutawanya mwanga, basi toa kwanza usomaji wa nanomita 700, ambako protini yenyewe haifyonzi kitu.

Kisha fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Funika sampuli kwa karatasi ya alumini usiku kucha, upime gizani: kilele kimerudi 558 na kimepungua kimo. Iangazie dakika kumi, pima tena: kimepanda na kurudi 568. Gizani retinali ni mchanganyiko wa maumbo mawili. Kwenye mwanga yote inanyooka. Protini iliyokufa haiwezi kufanya hivyo. Kama una wanafunzi, tia pia tone la asidi mpaka pH ishuke chini ya 3, waone zambarau ikigeuka buluu, kisha uirudishe kwa alkali.

Watu huogopa kwamba protini ya mwanga lazima ifanyiwe kazi gizani. Ndani ya utando wake, hii haidhuriwi na taa ya chumbani hata kidogo. Inazunguka mzunguko wake wa milisekunde kumi hivi na kurudi ilipoanza. Hali inabadilika ukiitoa kwenye utando kwa detajenti kama Triton X-100, kazi ya siku moja au mbili za kukoroga. Hapo protini inabaki moja moja, bila jirani wa kuishikilia, na ni vyema kuifunika na kuiweka baridi. Kumbuka Triton yenyewe inafyonza kwenye 280, kwa hiyo uwiano wa usafi haufai tena. Oktiliglukosidi haina tatizo hilo.

Kwa yule wa chupa ya maji ya ziwa

Kama moyo wako uko kwa vijidudu vya hapa nyumbani, elekea Magadi, ambako magadi yamekolea hadi kuwa jiwe na maji yana wekundu wa arkea, jamii ya vijidudu alimo Halobacterium. Wanapenda chumvi na pH ya 9.5 hadi 10. Mchuzi wao unatiwa sodi kaboneti, na magnesi inapunguzwa sana maana itaganda mara moja. Lakini usitarajie zambarau rahisi. Mmoja wa jamii hiyo ya maji ya magadi, Natronomonas pharaonis, ana halorodopsini, inayosukuma kloridi kuingia ndani. Kwa kawaida haijipangi mabaka makubwa kama binamu yake, hivyo utahitaji detajenti na safuwima. Anza na Halobacterium, mkono uzoee. Na popote utakapochota, pata kwanza leseni ya utafiti ya NACOSTI na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha rasilimali za kijenetiki, na ndani ya hifadhi, cha KWS, shirika la wanyamapori.

Kuhifadhi

Gawanya kwenye mabomba madogo, uweke kwenye friza. Kwa matumizi ya kila siku, friji ya nyuzi 4 pamoja na sodi azidi ya asilimia 0.02 inatosha kwa miezi. Azidi ni sumu: usiichanganye na asidi, na usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, huko hutengeneza chumvi inayolipuka. Kwa hiyo bomba la jaribio la asidi litolewe kabla ya kutia azidi. Andika juu ya kila bomba aina ya mbegu, tarehe ya kuvuna, uwiano wa 280 kwa 568, na miligramu kwa mililita. Tumia kalamu isiyofutika kwa maji, kwa sababu barafu ikiyeyuka ndani ya kikasha, njia nzima kutoka Nakuru hadi Kisumu, lebo za karatasi hubanduka.